Muulize Mwalimu: Walifuata dini au tumbaku?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naendesha bajaji, kituo changu ni Mbagala Rangi Tatu. Mhubiri wetu amesema Marekani ilianzishwa na watu wa Mungu waliokimbia mateso kwa sababu ya imani. Nilipoyasimulia hayo njiani, abiria mmoja alicheka, akasema wale walifuata hela tu. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao wawili wanazungumzia meli tofauti. Mhubiri ana Mayflower kichwani, iliyofika Plymouth mwaka 1620 na abiria 102. Abiria wako ana zile zilizotangulia Jamestown, Virginia, mwaka 1607, zilizotumwa na kampuni ya wafanyabiashara wa London wenye tamaa ya dhahabu. Na hao wa Mayflower nao walisafiri kwa mkopo wa matajiri wa London, wakaulipa miaka mingi kwa ngozi za mnyama wa mtoni aitwaye biva.

Virginia ndiyo naijua hadi harufu yake, maana marehemu baba alilima tumbaku Urambo, na mimi utotoni nililala bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, nikichochea moto. Jamestown dhahabu hawakuiona. Kipupwe cha 1609 hadi 1610 njaa iliwapukutisha: watu wapatao 500 wakabaki kama 60. Ndipo mlowezi mmoja, John Rolfe, karibu mwaka 1612, akajaribu mbegu laini ya Caribbean badala ya ile kali ya wenyeji. Kufikia 1617 tumbaku ilikuwa imepandwa mpaka barabarani na kwenye uwanja wa soko, na watawala walikuwa wameshalazimika kuamuru watu walime mahindi. Nikisoma hapo namsikia mama akimfokea baba: tumbaku mpaka mlangoni, unga tukaombe kwa jirani!

Sarafu zilikuwa adimu, basi jani likawa hela. Mwaka 1621 kampuni ilipoleta wasichana wa kuolewa, kila bwana harusi alitakiwa kutoa ratili 150 za tumbaku bora, kama kilo 68 hivi. Wala si mahari, maana baba mkwe hakuonja hata jani moja. Kampuni ilikuwa inarudisha gharama zake.

Sasa dini. Sheria ya Virginia ya 1624 ilisema asiyekwenda kanisani Jumapili moja bila udhuru atozwe ratili 1 ya tumbaku, na akikosa mwezi mzima, ratili 50. Sheria hizohizo zilimkataza mkulima kuuza tumbaku yake kabla kasisi hajapata fungu lake, nalo lichukuliwe kwenye mavuno ya kwanza na yaliyo bora. Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Msimu mmoja baba aliondoka sokoni na karatasi yenye makato marefu kuliko malipo, marobota yote yameshachukuliwa. Angalau yeye hakukatwa na padri.

Mwaka 1696 mshahara wa kasisi ulipangwa kuwa ratili 16,000 kwa mwaka, zaidi ya tani 7. Kwa kuwa majani hayalingani bei, makasisi walizigombea parokia zilizolima aina yenye harufu tamu, na zile za jani hafifu zikahangaika kupata mtu. Wito nao ulikuwa na gredi!

Jambo lililonifanya nimpe abiria wako ushindi kwa upande wa Virginia ni hili. Agosti 1619 Waafrika ishirini na kitu, waliotekwa Angola, walishushwa pale pwani wakabadilishwa na chakula. Kadiri mashamba yalivyopanuka, swali likawakaba mabwana: mtumwa akibatizwa, si amekuwa ndugu katika Kristo? Elizabeth Key, binti wa Mwingereza na mama Mwafrika, alikwenda mahakamani akidai uhuru, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba amebatizwa. Mwaka 1656 akashinda. Mwaka 1667 baraza la Virginia likapitisha sheria kwamba ubatizo haumwachi mtumwa huru. Wenye mashamba ndio waliokaa barazani, na Jumapili walikaa viti vya mbele kanisani.

Mhubiri wako naye asikate tamaa. Kule Massachusetts, koloni jirani na Plymouth ya hao wa Mayflower, imani ilikuwa ya kweli, tena ya moto kupita kiasi. Roger Williams alihukumiwa kufukuzwa mwaka 1635 kwa kusema serikali isiingilie dhamiri ya mtu, akaenda kuanzisha mji wa Providence. Mary Dyer, wa madhehebu ya Quaker, alinyongwa Boston mwaka 1660. Waliomnyonga ni watu waliokimbia kubanwa na kanisa la Uingereza.

SWALI: Mwalimu, eti hao watu wa dini walikataza Krismasi? Mke wangu amekataa kuamini. – Msomaji, Tabata.

JIBU: Mwambie shemeji aamini. Massachusetts walitunga sheria hiyo mwaka 1659: ukikutwa umeacha kazi au unafanya karamu kwa ajili ya Krismasi, faini shilingi 5. Walisema Biblia haikuitaja sikukuu hiyo. Ilifutwa mwaka 1681. Pilau lenu pikeni tu.