Usiku Mtulivu Ndio wa Kuogopa: Kujiandaa na Kipupwe Njombe na Makete

Mgeni akifika Njombe, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwezi wa sita akakuta mawingu yametanda, manyunyu hayakati na upepo unapenya hadi kwenye mifupa, atasema mazao yameisha. Wala. Upepo ukivuma na mawingu yakifunika, tunaotetemeka ni sisi. Viazi viko salama. Wa kuogopa ni usiku unaofuata siku nzuri: jua limewaka kutwa, jioni anga limetakata, nyota tele, hakuna hata jani linalotikisika. Joto la ardhi linapotea juu bila wingu la kulizuia, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka mlimani kama maji na kutuama bondeni.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na mabaki yake hugusa Mei. Mei ndiyo ya kujipanga, kwa sababu Juni hadi Agosti barafu, yaani baridi inayogandisha mimea, inaweza kupiga usiku wowote mtulivu. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo, kule Makete, unapita 2,600, na huko hawana mchezo na baridi.

Tatizo letu ni vinyungu, yaani bustani za bondeni. Mashamba ya kiangazi yanafuata maji, na maji yako bondeni, hukohuko baridi inakolala. Kwa hiyo gawanya eneo lako. Chini kabisa weka kabichi na mboga za majani zinazohimili. Viazi vipandishe ubavuni, hata kama itakulazimu kubeba maji kidogo. Maharage yasubiri baridi ivunjike. Anayeyapanda bondeni mwezi wa sita anacheza kamari.

Kiazi kilichopigwa na barafu utakijua. Alfajiri jani ni gumu, lina weupe pembezoni, ukilikunja linakatika. Kwenye saa tatu, jua likishapanda, limelegea na kuwa la kijani kizito chenye maji. Kesho yake ni jeusi. Hapo wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ugonjwa wa ukungu, na hela imekwenda bure. Ukungu huanza na madoa na kusambaa siku hadi siku. Barafu hupiga usiku mmoja, na mara nyingi huacha mstari shambani: chini kumeungua, juu kijani. Ukiuona huo mstari, chomeka vigingi papo hapo, kwa sababu baada ya mwezi mmoja hutakumbuka ulipita wapi, na mwakani ndio utakaokuambia viazi viishie wapi. Kama viazi vilishatunga, usivichimbue kwa hasira. Viache ardhini wiki mbili hivi ngozi ikomae, la sivyo vitachubuka na kuoza ghalani.

Ukihisi usiku unakuja mtulivu, mwagilia mapema jioni. Udongo wenye maji hutunza joto la mchana na kulitoa taratibu usiku. Na hili watu hulibishia: matandazo yaliyo chini ya mimea michanga yasogeze pembeni kwa miezi hii, maana yanafunika joto lisitoke ardhini kuufikia mche. Miche ya parachichi ijengee kibanda cha nyasi, ukiacha wazi upande wa kaskazini, ambako jua la msimu huu linapita. Kagua pia ua wako. Ua mnene uliokatisha chini ya shamba unazuia baridi isitoke. Ufungulie mwanya upande wa bondeni.

Mahindi ni habari nyingine, yenyewe adui yake ni manyunyu. Usiyafungie kwenye magunia kwa kuyatazama tu. Tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado unazidi asilimia 15. Rudisha juani au juu ya dari la jikoni, vinginevyo unakaribisha sumukuvu, ile sumu inayoletwa na kuvu.

Ndani ya nyumba nina neno moja, nalo halina mjadala: jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Moshi ukiisha, hewa ya kaboni monoksaidi haijaisha, haina harufu, na inaua mtu usingizini. Ota moto sebuleni dirisha likiwa wazi kidogo, kisha jiko litoe nje kabla ya kulala. Ongeza blanketi.

Na parachichi likiungua matawi, weka panga chini. Ukikata Julai unaweza kuondoa tawi ambalo lingechipua, na machipukizi mapya yataikuta barafu ya Agosti. Ngoja mvua za Novemba. Mti wenyewe utaonyesha uhai ulipoishia, ukate hapo.