Sahani arobaini na shaba iliyokimbia

Juzi binti mmoja wa Likasi aliniandikia: "Yaya, nimechora maua kwenye vikombe, nikavichovya kwenye emaye, maua yote yakafutika kama chaki. Nimekosea wapi?" Emaye ni ule uji tunaochovyea vyombo, motoni unayeyuka na kuwa ngozi ya kioo. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali lake lilinikumbusha aibu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita mwenye mgahawa mmoja hapa Lubumbashi aliniagiza sahani arobaini. Kila moja alitaka iwe na msalaba katikati, ile misalaba ya shaba ambayo wazee wa Katanga waliimimina zamani na kuitumia kama fedha. Nikajiona mjanja: msalaba wa shaba nitauchora kwa shaba yenyewe! Nikaomba vipande vya malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, kwa wachonga mapambo, nikajifunga kitambaa puani, nikavitwanga siku mbili hadi vikawa unga wa kijani, laini kama wa muhogo. Nikachora misalaba yote juu ya sahani zilizokwisha kuokwa mara ya kwanza, nikazichovya kwenye emaye angavu, nikapanga tanuru, nikafungua gesi. Kigae cha kujaribia? Hata kimoja. Nilikuwa na haraka, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani.

Nilipofungua tanuru, misalaba haikuwapo. Moto ukipita nyuzi 1,200 shaba huanza kupaa kama mvuke, na mimi nilikuwa nimefika 1,280. Pale katikati palibaki doa la kijivu lenye kijani kwa mbali, kingo zimetawanyika. Sahani moja nyeupe niliyokuwa nimejiwekea mwenyewe, wala sikuichora kitu, ilitoka na ukungu wa kijani upande mmoja: shaba ya jirani ilikuwa imehamia kwake.

Mwenye mgahawa aliishika moja, akaigeuza, akawauliza wahudumu wake, "Hii mmeiosha kweli?" Wakacheka. Hadi leo nikipita barabara ile nageuza uso.

Kilichoniokoa ni kobalti, madini yanayochimbwa huku kwetu. Unachora kwa unga mweusi, moto unakurudishia buluu, tena unaikuta palepale ulipoiacha. Mafundi wa Jingdezhen kule China walijua hayo tangu karne ya 14, wakiagiza kobalti yao kutoka Uajemi. Sisi inatupita kwenye malori kila siku! Ila usiokote mawe ya migodi ya Kolwezi ukayasaga. Yamechanganyika na madini mengine, na baadhi yana urani. Mimi nanunua iliyosafishwa, inatoka ng'ambo kwenye pakiti ndogo, na huenda ilianza safari yake hapa hapa. Hasira hiyo nitaiandikia siku nyingine.

Sasa, maua kufutika. Unga mtupu uliokorogwa na maji haushiki. Kitu cha kwanza kuugusa kinaondoka nao. Tia gundi kidogo ya mgunga, na kijiko cha udongo uleule wa kikombe. Au baada ya kuchora rudisha vyombo motoni, moto mdogo kama ule wa kwanza, ndipo utie emaye. Mimi nafanya hivyo kwa kazi ya mteja. Kobalti iwe nyepesi kama chai ya rangi: ukiizidisha inatoka nyeusi, yenye mng'ao wa chuma. Futa vumbi kwa sponji mbichi kabla ya kuchora, na usishike kwa mikono yenye mafuta. Na jaribu kwanza. Kigae kimoja, emaye ileile, moto uleule. Vijana mnapenda kupiga picha kazi ikiwa bado mbichi, mnapokea pongezi, na tanuru halijasema neno. Jaribuni kwanza! Nalirudia kwa sababu mimi nililisikia kwa fundi wangu mara kumi na bado nikatia sahani arobaini.

Binti wa Likasi, kama vikombe bado hujavioka, osha emaye yote kwa sponji, viache vikauke siku mbili, uchore upya. Ila ile ndoo uliyochovyea iandike alama, usiitumie tena kwa vyombo vyeupe. Maua yako yamo humo ndani, na motoni yatatokea.