Namba za Kasha na Mashine Hazifanani: Je, Saa ya Babu Imechakachuliwa?

SWALI: Ndugu mhariri, marehemu babu yetu, aliyekuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba hapa Mwanza, alituachia saa ya mfukoni aina ya Elgin. Fundi saa mmoja aliifungua akakuta namba ya ndani ya kasha ni tofauti na iliyochongwa kwenye mashine, akasema imechakachuliwa. Je, ni kweli?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Ndugu msomaji, tofauti hiyo peke yake haithibitishi jambo hilo, kwa maana katika saa za Marekani za zama hizo ajabu ingekuwa namba kufanana. Tangu katikati ya karne ya 19 hadi miaka ya 1920, viwanda kama Elgin na Waltham viliuza mashine nyingi zikiwa tupu, na makasha yalitengenezwa na kampuni nyingine, kama vile Keystone na Dueber, ambazo zilipiga namba zao wenyewe. Mteja alikwenda kwa sonara, akachagua mashine kwa ubora wake, kisha akachagua kasha kwa kadiri ya uwezo wake, liwe la dhahabu, la fedha, la nikeli au la shaba iliyovikwa bamba la dhahabu, naye sonara akavifunga pamoja. Huko kwenu Kirumba mwenye mtumbwi huagiza chombo kwa seremala na injini akainunua dukani, wala hakuna anayemshuku.

Haya yaliwezekana kwa sababu vipimo vilikuwa vya pamoja: mashine ya ukubwa wa 18 ina upana wa milimita 44.9 hivi, na ya ukubwa wa 16 milimita 43.2. Ufundi ninaouhusudu zaidi umo katika kijiti cha kujazia saa, ambacho katika makasha mengi ya Marekani hukaa kwenye shingo ya kasha lenyewe, ncha yake ya pembe nne ikiingia katika tundu la mashine. Kwa hiyo ukikivuta kijiti na kulegeza skurubu mbili, mashine hutoka nzima na kuweza kuingia katika kasha jingine la ukubwa wake.

Hata hivyo, mashine nyingi zilihamishwa baadaye, hasa pale makasha ya dhahabu yalipoyeyushwa bei ya madini ilipopanda. Tazama ukingo wa ndani wa kasha: ukiona mikwaruzo ya skurubu mahali pasipo na skurubu sasa, huenda kasha hilo liliwahi kubeba mashine nyingine. Tazama pia kifungo cha kujazia. Kikiwa penye tarakimu 3 ilhali uso wa saa hauna kifuniko, mashine hiyo yaelekea iliundwa kwa kasha lenye kifuniko, ingawa baadhi ziliuzwa hivyo tangu zikiwa mpya.

Mwombe fundi akunakilie namba ya mashine, kwani hiyo, wala si ya kasha, ndiyo itakayokuonyesha mwaka ilipotengenezwa, na usimruhusu aung'arishe ule ukingo kabla hujaukagua.