Kubeba bendera kubwa kwa Kikantoni

SWALI: Kwenye tamthilia za Hong Kong nasikia mara nyingi "daam daai kei", na manukuu yanaandika "kuongoza". Je, nikimwambia mwenye kiwanda ninayenunua kwake Guangzhou kwamba yeye ni "daam daai kei", nitakuwa nimemsifu? Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Sifa ipo, ila sentensi yako ina kasoro. Hilo ni neno la Kikantoni, Kichina kinachosemwa Hong Kong na Guangzhou, na si jina la cheo, ni kitendo: 擔 (daam1) kubeba begani, 大 (daai6) kubwa, 旗 (kei4) bendera. Mbeba bendera yuko mbele, kila mtu anamwona, na uzito ni wake. Kwa hiyo "kuongoza" ni tafsiri pungufu. Mkurugenzi wa kusaini karatasi tu hasemwi hivi. Husemwa yule aliyejitwisha kazi ngumu hadharani, ambaye mambo yakiharibika macho yote yatamgeukia yeye. Habari za burudani za Hong Kong hulitumia sana kwa mwigizaji anayebeba filamu nzima, yule tunayemwita steringi.

Tanguliza 由 (jau4), kisha mtu, kisha msemo: "Gam1 ci3 jau4 nei5 daam1 daai6 kei4", yaani safari hii bendera unaibeba wewe. Hiyo jau4 ndiyo inayoweka mkazo kwa mtu, usiiache. Ukijisemea mwenyewe utasikika kama unajigamba, hivyo ni bora umwambie mwenzako.

Namba hizo ni toni, yaani sauti ya silabi iwe juu, chini au ipande, na hapa ndipo Waswahili tunapokwama. Tumezoea kupandisha sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunasema daam-DAAI-kei. Kikantoni kinataka kinyume: daam iwe juu na ibaki juu, daai iwe chini bila kupanda, kei iteremke zaidi. Daam ikianza chini ikapanda inakuwa daam2, nyongo, neno linalobeba pia maana ya ujasiri. Ikikaa katikati ni daam3, mzigo, kipimo cha kilo 60 hivi. Kei ikipanda ni kei5, kusimama. Tena funga midomo kwenye m, usiseme "daamu".

Jambo moja kabla hujalitumia: Guangzhou ina wageni wengi kutoka mikoa mingine ya China wasiojua Kikantoni. Akiwa mmoja wao, tumia la Kimandarini, Kichina rasmi cha nchi nzima, 挑大梁 (tiāo dàliáng), kubeba boriti kuu.