Maswali ya Wasomaji: Majaribio Mengi, Majibu Machache

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Chuoni tuliagizwa kupitia rejista za majaribio ya dawa za Uviko-19, nikakuta majaribio mengi mno ya haidroksiklorokwini (dawa ya malaria), mengine yamesitishwa, mengine hayana matokeo. Je, kusajiliwa si uthibitisho kwamba utafiti umekaguliwa? Na mbona wingi huo ulizaa majibu machache? – Msomaji, Buruburu, Nairobi

JIBU: La, kusajili ni kutangaza nia. ClinicalTrials.gov, rejista ya Marekani iliyofunguliwa mwaka 2000, yenyewe huwatahadharisha wasomaji kwamba kuorodheshwa kwa utafiti hakumaanishi serikali ya nchi hiyo imeukagua. Kibali hutolewa kwingine. Hapa kwetu, jaribio la dawa hupitia kamati ya maadili na Bodi ya Dawa na Sumu.

Swali lako la pili ndilo zito. Machi 2020 ulichapishwa nchini Ufaransa utafiti wa haidroksiklorokwini uliohusu wagonjwa 36 tu, ambao hawakugawanywa kwa kura (yaani kwa bahati nasibu) kati ya waliopewa dawa na wasiopewa, na bado watafiti wa nchi nyingi waliikimbilia dawa hiyo, kila kundi na hospitali yake, mara nyingi bila kushauriana. Wagonjwa waligawanyika vipande vidogo visivyoweza kuonyesha tofauti ya vifo hata kama ingekuwepo. Kingine kilichoyavunja majaribio ni mwendo wa maradhi yenyewe: jaribio la remdesiviri, dawa ya kupambana na virusi, mjini Wuhan, China, lilikusudia wagonjwa 453, lakini maambukizi yalipopungua likafungwa likiwa na 237, na swali lake likabaki bila jibu la uhakika.

Linganisha na jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililoanza Machi 2020 na kuunganisha hospitali nyingi chini ya mpango mmoja mwepesi ambao hata wauguzi waliolemewa na kazi waliumudu. Juni mwaka huo lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu na ya zamani, ilipunguza vifo kwa takriban thuluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Jaribio hilohilo lililinganisha wagonjwa 1,561 waliopewa haidroksiklorokwini na 3,155 waliopata huduma ya kawaida, likakuta kwamba haipunguzi vifo. Jibu la kwamba dawa haifai nalo lina thamani kubwa, kwani huwaepusha wagonjwa na madhara ya bure.

Kinachonisikitisha ni majaribio yaliyonyamaza. Mgonjwa aliyekubali kutolewa damu huku akihema kwa shida anastahili kujua kilichopatikana, hata kama si cha kujivunia.

Utakaporudi kwenye rejista, tazama kwanza idadi ya washiriki iliyokusudiwa na ile iliyopatikana, na kama kulikuwa na kundi la kulinganisha lililoteuliwa kwa kura. Kisha fungua matoleo ya awali ya ukurasa huo, ambayo ClinicalTrials.gov huyahifadhi, uone kama lengo kuu lililoandikwa mwanzoni ndilo lililoripotiwa mwishoni.