Maswali ya Ujenzi: Je, Maji ya Bahari Yafaa Kuchanganyia Zege?

SWALI: Mhariri, ninajenga nyumba ya ghorofa moja Shela, Lamu. Maji matamu huletwa na punda, mtungi baada ya mtungi, na gharama imenielemea ilhali bahari iko hatua chache kutoka kiwanjani. Fundi amekwisha kumwaga sakafu ya chini kwa maji ya bahari. Sasa anataka kuyatumia kwenye nguzo na lenta, akidai kwamba nyumba za wazee wetu zimeishi na chumvi na hadi leo zimesimama. Nimruhusu?

JIBU: Ndugu msomaji, kwenye nguzo na lenta usimruhusu, sakafu iache ilivyo.

Saruji yenyewe haiikatai chumvi. Zege la maji ya bahari hushika upesi na hupata nguvu mapema, na hapo ndipo mafundi wengi hudanganyika, kwani baada ya wiki nne hivi nguvu yake kwa kawaida huwa pungufu kidogo ya ile ya zege la maji matamu. Kinachoharibika hasa ni nondo. Ndani ya zege chuma hulindwa na utando mwembamba sana. Kloridi iliyomo katika chumvi huutoboa, kutu ikaanza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, zege hupasuka kwa kufuata mstari wa nondo, kisha humeguka.

Tupige hesabu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huchukua takriban lita 25 za maji. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na kati ya hizo kloridi ni kama gramu 19. Basi kila mfuko unatiwa karibu gramu 475 za kloridi, yaani asilimia 0.95 ya uzito wa saruji, ilhali kiwango cha Ulaya cha EN 206 hakivuki asilimia 0.4 kwa zege lenye nondo za kawaida. Hapo hatujagusa chumvi ya mchanga, ikiwa fundi wako anauchota ufuoni.

Hoja ya wazee ni ya kweli, ila haihusu nyumba yako. Wao walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ndani yake hakukuwa na nondo za kuliwa na kutu. Warumi nao walijenga bandari kwa chokaa, majivu ya volkano na maji ya bahari, pasipo vyuma.

Sakafu yako, mradi haina wavu wa chuma, haitakudhuru, ingawa utaona unga mweupe ukijitokeza juu na unyevu usiokwisha wakati wa masika, kwa sababu chumvi huvuta maji ya hewani. Usiharakishe kuibandika vigae.

Kuhusu gharama, maji ya kuchanganyia mfuko mmoja ni mtungi wa lita 20 na robo yake tu. Yanayopotea kwa wingi ni ya kumwagilia zege likomae, na hapo pia ya bahari hayafai. Lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa, utandike nailoni juu yake kwa siku 7, na safari za punda zitapungua.