Neema si Rehema: Swali la Mwandishi wa Tafakari

SWALI: Mhariri, ninaandika tafakari fupi katika jarida la kanisa letu hapa Makadara, Nairobi. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia kwamba kila jambo jema naliita "baraka" na kwamba sentensi zangu zina harufu ya Kiingereza. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, usikimbilie kamusi kusaka maneno mazito, anza na yale unayodhani tayari unayajua. Neema ni wema anaopewa mtu asiyestahili, rehema ni huruma kwa aliyestahili adhabu au aliye taabuni, na fadhili, kama Zaburi ya 136 inavyorudia katika kila mstari, ni wema wa Mungu usiokoma. Ukiyaita yote matatu "baraka", si lugha tu inayopungukiwa, bali hata mafundisho yenyewe, na hilo ndilo linalonigusa zaidi.

Kisha tazama jinsi kitenzi kimoja kinavyozaa. Kutokana na "pata" tuna patana, patanisha, mpatanishi na upatanisho, kwa hiyo fundisho zito la Waraka wa Pili kwa Wakorintho limejengwa juu ya neno ambalo hata mtoto hulitumia sokoni. Fanya vivyo hivyo na "samehe" na "okoa", nawe utapata msamiati mpana bila kuazima chochote.

Kuhusu harufu ya Kiingereza, mzee wako ana haki. Usemi "mwisho wa siku", uliotafsiriwa neno kwa neno kutoka "at the end of the day" ya Kiingereza na kutumiwa siku hizi kwa maana ya "hatimaye", unamchanganya Mkristo anayesikia humo siku za mwisho. Andika "hatimaye", basi. Soma Biblia ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka wa 1952, kwa sauti, sura nzima kwa wakati mmoja, ili sikio lizoee mwendo wa Kiswahili. Lakini usiige ukale wake, kwa kuwa "akamwambia" na "tazama" zikijaa katika tafakari ya leo humchosha msomaji. Isawazishe kwa riwaya na mashairi ya Kiswahili. Hapo Makadara mna tawi la Maktaba ya McMillan.

Sasa chukua tafakari yako ya mwisho, upigie mstari kila "baraka", na ujiulize ulimaanisha nini hasa. Ukishaisahihisha, msomee mzee yule yule kabla ya kuipeleka jaridani.